Usawa wa Goti

Ilikaa angani dakika mbili na ushee,
kisha mkaratusi wa mpakani ukaikamata
kama mama anavyomdaka mtoto mtundu,
kwa mkono mmoja, bila kugeuka.

Kwanza nilisikia ukimya.
Halafu wachuma chai wakacheka kule bondeni.
Halafu mvua ya Tukuyu, ambayo haijawahi kuuliza
kama mtu ana msiba.

Niliitafuta kwa magoti katikati ya chai.
Mkono mmoja umening'inia, mguu wa panzi.
Mapanga mawili yamemeguka, la tatu halipo.
Kamera imelala kifudifudi topeni
na taa bado inapepesa: kijani, nyekundu, kijani,
inaniita au inanilaumu, sijui.

Fedha ni ya kikoba cha Alhamisi.
Mweka hazina ni mama Tumpe,
anayehesabu noti akiwa anaongea mambo mengine.
Nilimwahidi harusi sita kabla ya Pasaka,
bibi arusi akionekana kutoka juu,
shela limetandazwa kama uwanja.

Shangazi alitoa debe la mchele wa Kyela,
tukaizika droni humo hadi shingoni.
Usiku mmoja tu, nilisema.
Siku ya tatu akasimama na sufuria:
"Mgonjwa wako ataruhusiwa lini?
Maana sisi tuna njaa."

Fundi Gwakisa, wa redio na pasi, pale Ushirika,
alitoa punje moja kwenye tundu la mota,
akaiweka kwenye kiganja changu.
"Mchele ni wa kula."
Akasugua sakiti kwa spiriti na mswaki wa mtoto,
akainusa,
akazungusha kila mota kwa kidole cha mwisho:
hii nzima. Hii nzima. Hii ina mchanga.
Hii...
akaomba nimsogezee kiti.

Betri ilikuwa imevimba, shavu lenye jino bovu.
"Usiichaji tena hii, hata ikikubembeleza.
Ilaze kwenye ndoo ya mchanga, nje, mbali na nyumba."
Niliilaza nyuma ya migomba.
Usiku niliamka mara mbili kuichungulia,
mimi ambaye siamki hata mbwa wakibweka.

Kadi ilipona.
Nikaona mabati yetu yana kutu upande wa jikoni,
nguo zangu kambani, Mlima Rungwe umejifunika nusu,
kisha msichana ameshika rimoti, mdomo wazi,
anainamia kushoto kwa mwili mzima
utadhani akipinda yeye, nayo itapinda.
Ikaenda kushoto kweli. Kushoto kwake.
Kulikuwa na mkaratusi.

Hakuna aliyeniambia kwamba ikikugeuzia uso
kushoto kwako ni kulia kwake.
Au kiliniambia kile kijitabu cha herufi ndogo
nilichowashia jiko.

Panga la tatu lilionekana Jumapili.
Ambakisye, mtoto wa jirani,
amelipigilia msumari kwenye bua la hindi
na anakimbia nalo mteremkoni, linazunguka, linalia.
Nilikuwa nimekwenda kulidai.
Nikamuuliza tu: linakataje kona?
"Nakata mimi," akasema, akapita.

Mapanga mapya yalikuja na basi la kutoka Mbeya,
manne, ndani ya gazeti la mwaka juzi.
Mkono umeungwa kwa gundi na kijiti cha mwanzi.
Mota ya nne inakohoa kidogo ikianza.
Deni liko palepale, na mama Tumpe jana
alinisalimia kwa jina langu lote.

Leo asubuhi nimeielekeza kule ninakoelekea,
kisogo chake kwangu.
Nimeweka betri ya akiba.
Nimengoja setelaiti zote, siyo nne kama siku ile,
nikairusha juu ya nyasi za uani,
usawa wa goti.

Kuku wametawanyika.
Shangazi kasimama mlangoni na ungo kichwani, tayari kwa lolote.
Imetetemeka, imesimama hewani,
imetua.

Nimeandika daftarini: sekunde tisa.